Simu ya Saa Mbili Asubuhi



Saa za Riyadh na saa za Nairobi ni moja. Jambo hili dogo, ambalo mhandisi hulishukuru anapopanga mikutano, ndilo linalotufanya sisi tulioko Saudia tuamke na redio ya nyumbani kana kwamba hatukuondoka. Mtangazaji wa Nairobi anapompigia mtu simu saa mbili asubuhi, huku nako ni saa mbili. Watoto wa tajiri wamekwenda skuli, mama mwenye nyumba ndiyo kwanza anaamka, na msichana wa kazi ana sufuria jikoni na simu mfukoni.

Mwaka juzi nilikuwa Riyadh kwa kazi ya vituo vya umeme. Dereva wetu, kijana wa Kakamega, alikuwa na desturi ya kufungua redio ya Kenya kwenye simu yake tangu tunatoka Batha mpaka tufike kazini. Asubuhi moja mwanamume mmoja alipiga studio akiomba apatanishwe na mkewe aliyeko "huko Saudia". Mkewe akapigiwa. Alipokea kwa kunong'ona. Kabla hajafahamu vizuri anazungumza na nani, mume akamwuliza, Kenya nzima ikisikiliza, kama mtoto wa pili ni wake kweli. Kukawa kimya. Kisha sauti ikasema polepole, "Kwani tuko wapi hapa?" Studio ikaangua kicheko. Dereva akacheka. Nami, nisiwafiche, nilicheka.

Ijumaa niliporudi Jeddah mke wangu akaniuliza kama nimesikia yaliyompata mwanetu. Mwanamke yule anafanya kazi hapa hapa Jeddah, na Idi iliyopita alikula pilau nyumbani kwetu. Sauti ile ilikwisha kurekodiwa na kutumwa kwenye kundi letu la WhatsApp mara tatu, kila mara na vikatuni vya kucheka. Jina lake la kwanza lilikuwamo, na la mume, na la kijiji. Mtoto aliyeulizwa habari zake yuko darasa la tano, na gari linalompeleka skuli hufunguliwa redio kila asubuhi.

Kituo sikitaji, maana ugomvi wangu si na kituo kimoja. Tulipokuwa wadogo Sauti ya Kenya nayo ilitangaza mambo ya familia zetu, salamu za kadi na matangazo ya vifo, na majina ya ukoo mzima yalisomwa. Lakini tuliyapeleka wenyewe, tumeyaandika kwa mkono wetu na kuchagua la kusema na la kuacha. Tangu Capital FM ilipofungua njia ya redio za watu binafsi mwaka 1996, vituo vimekuwa vingi na masikio ni yale yale. Kipindi kinahitaji kujazwa, na hakuna cha kukijazia kilicho rahisi kuliko ndoa ya mtu mwingine. Haihitaji mwandishi, haihitaji mwigizaji, na mwenyewe halipwi hata senti.

Kinachojulikana zaidi katika aina hii ni Patanisho ya Radio Jambo. Kilipata sifa mikononi mwa Gidi, yule yule wa Gidi Gidi Maji Maji na "Unbwogable" ya mwaka 2002, na Ghost Mulee, aliyeipeleka Harambee Stars Tunisia katika Kombe la Afrika la 2004. Kisa nilichosimulia si cha huko. Wala sitasema kwamba kipindi kile hakijafaa mtu. Wapo waliopatana wakalia kwa furaha hewani. Tena lipo jambo ambalo sisi wazee tunaopenda kutaja vikao vya ukoo hatulisemi: wengi hupiga redio kwa sababu kikao cha ukoo hakikuwasikiliza. Mwanamke aliyeko Jeddah, mumewe akala fedha za kiwanja, akishitaki kwa wakwe ataambiwa avumilie. Mtangazaji, mgeni kabisa, humpa dakika tano. Hilo nalikubali, na anayetaka kusimulia maisha yake mwenyewe hewani ana ruhusa yangu na ya Mungu.

Ninalokataa ni simu ya pili. Anayepiga studio amejiandaa, amevuta pumzi, amepanga maneno. Anayepigiwa amekutwa na sufuria mkononi. Akisema, ameumbuka, akikata simu, watasema ana hatia. Suratun-Nisaa, aya ya 35, inataka wanandoa wakihofiwa kufarikiana apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Wawili, na pande mbili. Redio ina upande mmoja, na huo ni wa mdhamini wa kipindi.

Na msiniambie kwamba ufundi hauruhusu. Mimi ni mtu wa mitambo. Kipo kifaa cha kuchelewesha matangazo ya moja kwa moja kwa sekunde chache, kusudi mtu akitukana tusi likatwe kabla halijafika kwa msikilizaji. Kituo kinanunua kifaa hicho kujikinga na faini. Basi kinachoweza kuzuia tusi kwa kubonyeza kitufe kinashindwaje kumpigia mwanamke huyu kwanza pasipo hewa, kumwambia mumeo yuko hapa, anataka kusema nawe watu wakisikia, wakubali au wakataa? Akikataa, kukataa kwake nako kusitangazwe. Ni dakika mbili. Marekani ina kanuni tangu 1970 kwamba kituo sharti kimjulishe mtu kabla ya kurekodi au kutangaza mazungumzo yake ya simu. Kwetu Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda mambo ya familia na ya faragha yasifichuliwe pasipo lazima, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria tunazo.

Kwamba ni mzaha tu, tumesikia. Desemba 2012 watangazaji wawili wa 2Day FM ya Sydney walipiga hospitali moja ya London wakijifanya Malkia na mwanawe. Muuguzi aliyeipokea simu na kuiunganisha alikutwa amekufa siku chache baadaye. Hata hapa tulipo, sheria ya makosa ya mtandao ya 2007 inaweza kumpeleka mtu jela mwaka mmoja, au faini hadi riyali 500,000, kwa makosa yakiwemo kuingilia maisha ya faragha ya watu kwa simu ya kamera. Sisi tunaokaa chini ya sheria hiyo, tunaoogopa hata kupiga picha barabarani, ndio tunaosambaza kilio cha dada yetu bila kuuliza.

Wenye vituo wanasikia lugha moja. Machi 2021 watangazaji watatu wa Homeboyz Radio walimcheka na kumlaumu mwanamke aliyesema amesukumwa kutoka ghorofani. EABL ikaondoa matangazo yake, na watatu wale wakapoteza kazi. Wakenya walio ng'ambo walipeleka nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na kati ya wanaotangaza asubuhi wapo wanaotuuzia viwanja na wanaotoza ada kwa fedha tunazotuma. Waandikieni hao, msimwandikie mtangazaji. Nami nimeliacha lile kundi la WhatsApp, ingawa nakiri niliacha baada ya kuisikiliza ile rekodi mara ya pili.

Mwezi uliopita nilikuwa Balad kununua unga katika duka moja ambalo muuzaji wake ni kijana wa kwetu Mombasa. Mbele yangu alisimama mwanamke amejifunika uso. Kijana akamsalimu kwa Kiswahili, kama anavyowasalimu wote. Mwanamke akajibu kwa Kiarabu, kile cha jikoni, akaonyesha kwa kidole mchele anaoutaka. Nilimtambua kwa mkufu ambao mke wangu alimpa siku ya Idi. Sikumwita. Alilipa, akachukua mfuko wake, akapita karibu yangu pasipo kufungua kinywa.