Fulana ya kushtua moyo itafaa Delta ya Rufiji?

MOYO unaposimama ghafla, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mkazi wa Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, husafiri kwa boti kufuata maji kujaa na kupwa, kisha barabara hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Fulana inayoshtua moyo kwa umeme, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ingeziba pengo hilo. Lakini huvuliwa wakati wa kuoga, na betri huchajiwa kila siku. Katika utafiti wa mwaka 2018, kati ya wagonjwa 48 waliopewa fulana wakafariki, 12 tu walikuwa wameivaa. Mvuvi anayeshinda majini ataivaa saa ngapi?