Tusinunue kabati la jikoni mara mbili

WALIOREJEA Mocímboa da Praia na Palma baada ya mashambulizi ya 2020 na 2021 wanajenga upya. Paa likishaezekwa na milango ikishafungwa, swali linalofuata ni jiko: vyombo, unga na mafuta viwekwe wapi? Jibu la haraka ni kabati la chipubodi, jepesi, jeupe, linalong'aa kama la mjini. Nasema wazi kwamba kwa pwani yetu hilo si kabati la kununua.

Chipubodi ni chenga za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na gundi ya ile ya kawaida haivumilii unyevu. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na mvua za Desemba hadi Aprili. Kimbunga Kenneth kilipotupiga tarehe 25 Aprili 2019, tuliona maji yanavyoingia ndani ya nyumba. Maji yakipenya kwenye ukingo uliokatwa, ubao unavimba na haurudi tena. Hata emdiefu ya kijani, inayosifiwa kuwa ngumu, huvumilia unyevu tu. Maji yakituama inaharibika.

Wapo wanaosema: "Mwalimu, nitengeneze kabati la maana la nini, na kesho huenda nikakimbia tena?" Hoja hiyo ni nzito, wala siibezi. Mimi nilisomea ukimbizini Tanzania, baada ya wazazi wetu kukimbia vita vilivyomalizika 1992. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayoikataa chipubodi. Skrubu ikitolewa na kurudishwa, tundu linalegea. Kabati likifunguliwa mara mbili, limekwisha.

Kabati la mbao lililoungwa kwa bolti ni kitu kingine. Linafunguliwa, linafungwa kamba, linapakiwa kwenye mashua au lori, na huko uendako linaunganishwa tena. Kwa hiyo usilipigilie ukutani. Lisimame kwa miguu yake, juu ya sakafu kwa kiasi cha shubiri moja, ili maji yasiliguse na mchwa waonekane mapema.

Mbao zipo. Ule mkongo au mbambakofi wa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi ndio chanfuta yetu, na mninga wao ndio umbila yetu. Chanfuta ni ngumu kwa mchwa. Umbila ikishakauka haipindipindi. Lakini chagua mbao ya kiini. Ile nyeupe ya pembeni ndiyo chakula cha bungua. Tena iwe imekauka kivulini, kwani mlango wa mbao mbichi utakugomea kabla ya mwaka kwisha.

Kwa mwenye mfuko mdogo, chanfuta au umbila iwe ya fremu na milango tu. Pande na mgongo weka plaiwudi ya kuhimili maji, ile mafundi wanayoiita marinbodi, na kingo zote zipakwe vanishi. Bawaba ziwe za shaba, maana za chuma huliwa na chumvi.

Lipo pia suala la haki. Tangu 2017 sheria ya Msumbiji inakataza kusafirisha magogo nje ya nchi, lakini magogo ya Cabo Delgado yameendelea kuvushwa kwa magendo. Ni aibu mti wetu upakiwe melini, nasi tukanunue chenga zilizobandikwa karatasi, huku seremala wa mtaani akikaa bila kazi. Ila naye tumuulize guia ya mbao zake. Mbao isiyo na karatasi ni mali ya wizi, hata ikiuzwa na jirani.

Wafanyabiashara wa mpakani, sina ugomvi nanyi. Badala ya kuvusha makabati yaliyokwisha kuundwa, leteni vile anavyohitaji seremala: bolti, bawaba za shaba, vanishi, gundi ya kuhimili maji na plaiwudi nzuri. Faida mtaipata, na mteja hatarudi kulalamika baada ya mvua za kwanza.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kabla ya kulipa, geuza ubao utazame ukingo wake. Ukiona chenga, rudisha metikali zako mfukoni ukamtafute fundi.