Kozi ya dola kumi na choo cha shimo

BARUA YA HYATTSVILLE
Na Zainabu Mhando

Nina kozi 11 kwenye simu. Nilizinunua zote usiku mmoja wa Novemba mwaka juzi, ile Ijumaa ya baada ya Thanksgiving, na kila moja ilinitoka dola kumi na senti zake. Imo ya Excel. Imo ya Kihispania, maana jirani zangu wengi hapa jengoni wametoka El Salvador na nimechoka kuwasalimia kwa mikono. Imo ya upigaji picha. Imo ya kufuga nyuki, nami nakaa ghorofa ya nne. Kumi zimeganda kwenye asilimia 3, 5, 8. Moja nasema nimeimaliza, nitaifikia.

Najua siko peke yangu. Ukikaa na Watanzania na Wakenya wa huku Maryland, pilau likishaliwa na chai inazunguka, utasikia fulani anasoma usalama wa mitandao, fulani usimamizi wa miradi. Kuanza wanaanza. Mwezi wa tatu ukimuuliza fulani kafika wapi, anakwambia kazi zimembana. Na kweli zimembana: anatoka shifti ya usiku kwa bibi anayemlea, anaingia ya mchana ghalani. Dola kumi anazo. Saa moja ya kukaa macho mbele ya video ndiyo hana, na hiyo muuzaji hakuiandika kwenye bei.

Wenye biashara hii walianza na ahadi kubwa. Coursera na edX zote zilizaliwa 2012, na edX wazazi wake ni Harvard na MIT. Mtu wa Kigoma angesoma anachosoma mtu wa Boston, bila ada. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wakachapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za vyuo hivyo viwili: mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, katika kila washiriki 100 walimaliza kama watatu. Katika kila 100 waliolipia cheti, walimaliza 46. Kisha wakaja watu wa kampuni ya 2U, ambao makao yao yalikuwa Lanham, jirani zetu kabisa, wakainunua edX mwaka 2021 kwa dola milioni 800. Julai 2024 wakaomba kinga ya mufilisi, madeni yamewafika shingoni. Basi tusijilaumu kupita kiasi sisi wa asilimia 5. Hata mwenye duka mambo yalimshinda.

Hiyo 46 nimeiwaza sana. Aliyetoa pesa ana uchungu nazo. Tatizo ni kwamba uchungu wa dola kumi unaisha Jumatatu.

Kuna kozi ambazo ubaya wake ni mwingine. Binti mmoja ninayemwita mwanangu, kwa kuwa mama yake tulisoma naye Korogwe, alinunua mtandaoni cheti cha CPR, ile huduma ya kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Video ya nusu saa, maswali kumi, cheti kikatoka na muhuri wa dhahabu. Alipokipeleka kwenye kazi aliyoomba akaulizwa, "Ulimbonyeza nani kifua?" Hakubonyeza mtu. Waajiri wengi wa kazi za kutunza wagonjwa hutaka kadi ya BLS, yaani ya mafunzo ya kuokoa uhai, kama ile ya American Heart Association. Sehemu ya kusoma unaweza kuimaliza ukiwa kitandani kwako, ila lazima uende ukalikandamize sanamu la mazoezi mbele ya mkufunzi ndipo upate kadi, nayo inaisha baada ya miaka miwili. Cheti cha CNA, cha msaidizi wa muuguzi, vilevile: Maryland inadai saa 100 za mafunzo, na 40 kati ya hizo ni za vitendo, kwa mgonjwa mwenyewe. Simu haina mgonjwa. Kabla hujalipa, mpigie atakayekipokea hicho cheti umsomee jina la kozi, neno kwa neno.

Lakini elimu fupi ya bei ya chini sisi hatukuanza kuiona kwenye simu. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto Muheza, mama yangu mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu ndiko ilikokuwa redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: wiki 12, kipindi cha redio na kijitabu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na walioshiriki nchi nzima wakafika kama milioni 2. Hapo kwetu walikaa kwenye mkeka, wakasikiliza, mama akawasomea wasiojua kusoma, wakabishana hadi giza, kisha wakakubaliana la kufanya. Kikundi cha mama kilikubaliana kuchimba choo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyesinzia kila kipindi, wiki zote, na ndiye aliyechimba kuliko wengine. Cheti sikumbuki kukiona nyumbani kwetu. Choo nakikumbuka vizuri.

Turudi kwenye ile moja. Ni ya Excel, na niliianza upya na wenzangu wawili. Mmoja ni mhazini wa chama chetu cha kufa na kuzikana: likitokea la kutokea tunachanga, mwili unasafirishwa nyumbani. Hesabu zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja na picha za miamala kwenye simu yake. Tukapatana Jumatano saa kumi na mbili jioni, maktaba ya Adelphi Road, ile yenye kisahani cha angani mbele yake. Jengo lilivunjwa, jipya likafunguliwa 2022, kisahani kikabaki. Kukaa ni bure, intaneti bure. Na maktaba nyingi za nchi hii humfungulia mwenye kadi kozi ambazo nje zinauzwa, kwa hiyo ulizeni kwanza. Mimi niliuliza nimeshanunua 11.

Tulikuwa tukitazama video moja, tunaifunga, tunafungua kaunta buku. Kujumlisha tulijifunzia michango ya msiba wa Agosti. Kupaka rangi visanduku vya wenye deni kulituchukua Jumatano mbili, kwa sababu kumbe Mama Asha na Bi. Rehema ni mtu mmoja, ikabidi tumpigie mwenyewe atwambie alitoa kwa jina lipi. Masomo ya grafu tuliyaruka. Simu inadai nimefika asilimia 81. Acha idai.

Siku ya mkutano mkuu mhazini akaunganisha kompyuta na televisheni ya ukumbini, majina yakatokea ukutani, ya kijani na ya nyekundu. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akavaa miwani, akatazama weee.

"Mwanangu, ile nyekundu ya pale juu ni ya nini?"

"Ni wewe, mzee. Mchango wa Agosti."

Akavua miwani, akaipangusa, akaingiza mkono mfukoni.