Mambo ya Nyumbani: Leso Iliyochakaa Bado Ina Kazi

Wako watu wadhanio kwamba zawadi haina heshima isipotoka dukani. Kwa sababu hiyo karani wa mshahara mdogo hukopa fedha ili asiaibike arusini, na mkulima huuza kuku wa mayai ili shemeji yake apate sahani asizozihitaji. Hasara hiyo haina lazima. Katika nyumba nyingi zawadi njema imelala chini ya sanduku, nayo ni leso iliyochakaa.

Leso yenyewe ilizaliwa kwa sindano. Husimuliwa kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa marembo, ambavyo Wareno waliviita kwa neno lililotupa jina la leso. Badala ya kukatiwa kimoja kimoja, walichukua sita pamoja, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi pana. Baadaye wafanya biashara waliona faida, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Basi wazo lilitoka mikononi mwa wanawake kabla ya kufika kiwandani.

Kazi ya kwanza imfaayo mwanafunzi wa kushona ni mfuko wa sokoni. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku katika Kenya, kwa hiyo mfuko wa nguo hautakosa matumizi katika nyumba yo yote.

Kwanza leso ifuliwe, ikauke, kisha iinuliwe mbele ya dirisha. Mahali panapopenya mwanga mwingi pamekwisha kuchoka, pasitumiwe. Katika sehemu iliyo imara vikatwe vipande vinne, kila kimoja sentimita 45 kwa 40: viwili vya nje na viwili vya ndani, maana leso ni nyepesi na upande mmoja hauwezi kubeba viazi. Vikatwe na vipande viwili vya mikono, sentimita 60 kwa 10, vikunjwe mara nne kwa urefu na kushonwa kando.

Vipande viwili vya nje vilazwe uso kwa uso, vishonwe pande tatu, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Kila hatua ya sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa mshono wa namna hiyo haufumuki upesi. Vya ndani vifanywe vivyo hivyo. Mfuko wa nje ugeuzwe, wa ndani utiwe ndani yake bila kugeuzwa. Midomo yote miwili ikunjwe kwa ndani, ncha za mikono zitiwe katikati, sentimita tano kwenda chini, kisha mdomo ushonwe kuuzunguka wote. Penye mikono sindano ipite mara mbili, kwani hapo ndipo uzito unapovuta.

Jambo moja lahitaji busara. Leso husema. Maneno yake yakiwa mafupi, hupendeza yakikaa mbele ya mfuko. Lakini fumbo la kumsuta jirani halifai kupelekwa kwa mkwe. Mshonaji asome kwanza, akate baadaye. Asiyepata maneno ya heri atumie pindo, ambalo halimgombanishi mtu na mtu.

Tena mkasi usiguse leso kabla mwenyewe hajaulizwa. Nguo iliyombeba mtoto mgongoni si kitambaa tu kwa mama yake. Na ikiwa mama amefariki, mara nyingi mabinti hutazamana kwa uchungu juu ya sanduku lake, kila mmoja akitaka leso ile ile. Wakikubaliana, leso moja yaweza kutoa mfuko kwa mmoja, na sehemu inayobaki ikafunika mto wa mwingine. Hivyo hakuna atakayerudi kwake mikono mitupu, wala undugu hautavunjika kwa ajili ya nguo.

Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona pamoja na upishi na ulezi wa watoto. Elimu hiyo haikupitwa na wakati. Wala wanaume wasiicheke: mafundi cherehani wengi wa mijini ni wanaume, na baba aliyekaa jioni bila kazi aweza kukata mikono ya mfuko huku binti yake akishona.