Makambako haikuwa kwenye ratiba

Mzazi mwenzangu, ukiishi ugenini kuna ugonjwa mmoja unaokupata mgeni wa nyumbani akipiga hodi. Unataka aone kila kitu, tena kwa siku mbili.

Sisi ni watu wa Kilifi, Kenya. Kazi ya baba watoto ndiyo iliyotuleta Mbeya, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Mwezi uliopita shoga yangu wa tangu shule ya msingi alikuja kututembelea na wanawe wawili. Nikajiambia, mtu ametoka Mombasa kwa basi mpaka Nyanda za Juu Kusini, hawezi kurudi na habari za baridi tu. Nikachukua karatasi nikapanga ratiba. Ijumaa usiku tuwapokee Iringa. Jumamosi Kalenga, kisha Isimila, tukalale Mbeya. Jumapili Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu kule Rungwe, na Ziwa Ngosi kabla jua halijazama.

Baba watoto aliisoma akauliza, "Na kula tutakula lini?"

"Garini," nikamjibu.

Kalenga si mbali na Iringa mjini, ni kwenye barabara ya kwenda Ruaha. Mwongoza wageni alitupokea kwa "Kamwene!" Wanangu wakaitikia "Kamwene!" bila kufikiri, wenzao wa Mombasa wakaangua kicheko. Lakini tulipoingia ndani walinyamaza wote. Lipo fuvu la Chifu Mkwawa, kwenye kioo, macho kwa macho na mtoto wa miaka tisa. Tukaelezwa jinsi Wahehe walivyoliangamiza jeshi la Wajerumani kule Lugalo mwaka 1891, jinsi boma la Kalenga lilivyovunjwa 1894, na jinsi Mkwawa alivyojipiga risasi 1898 ili asikamatwe. Fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini halikurudi nyumbani mpaka 1954.

Mwanangu miaka hiyo anaijua, ameisoma shuleni. Alikuwa akimtangulia mwongozaji, nami nikijivuna. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Mama, na sisi kwetu nani alipigana?"

"Mekatilili wa Menza."

"Alifanya nini?"

Nikatazama saa. Nikamwambia, "Twende, tutachelewa Isimila."

Jibu hilo limenisumbua kuliko yote niliyoyafanya wikiendi ile. Mtoto ameniuliza habari za kwao, mimi nikampa saa.

Isimila tulifika jua likiwa kali. Ni pazuri, nisiwadanganye. Kuna zana za mawe ambazo wataalamu wanakadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka 200,000, na chini bondeni kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kuliko nyumba. Lakini binti yangu wa miaka mitano alikuwa amechoka, akabebwa mgongoni kushuka na kupanda. Wale wa Mombasa waliuliza mara tatu kama kuna soda.

Tuliondoka saa kumi jioni. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na malori ya Tunduma hayana haraka ya kukupisha. Mafinga giza likaanza kuingia, ukungu ukashuka kwenye misonobari. Baba watoto akapiga mwayo. Kisha mwingine. Nikajifanya sijaona, kwa sababu nilikuwa nahesabu: tukilala njiani, Jumapili yangu imekufa.

Tulipofika Makambako akaingiza gari pembeni, akazima injini.

"Mimi siendelei."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kigiriama, watoto wasisikie, kwamba ananiaibisha mbele ya wageni. Naye akanijibu kwa sauti ya chini vilevile, "Wageni wenyewe ndio hawa nimewabeba." Shoga yangu, ambaye Kigiriama anakijua kunishinda, akafungua mlango akashuka na mabegi yake. Mjadala ukaishia hapo.

Tukapata gesti yenye vyumba viwili. Makambako ina upepo unaopenya hata blanketi. Tukanunua chipsi na kuku, tukajazana chumba kimoja, watoto wanne kitanda kimoja. Ndipo mwanangu akarudia swali lake, safari hii hakuniuliza mimi. "Anti, Mekatilili alifanya nini?"

Anti akawasimulia. Jinsi mama huyo alivyozunguka vijijini akicheza kifudu ili kukusanya watu, mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi zao. Na kisa ambacho wazee kwetu hukisimulia: alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia mzungu achukue kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Akamwambia, ndivyo utakavyotendwa ukigusa wana wetu. Walimpeleka kifungoni Kisii, mbali kabisa, naye akatoroka akarudi pwani kwa miguu.

"Kwa miguu?" akauliza mwanangu. "Kisii ni mbali kama Mbeya?"

Nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nimeacha kutafuna.

Jumapili tulifika Mbeya karibu saa sita. Mbozi na Rungwe ni pande mbili tofauti, basi tukawaambia watoto wachague mahali pamoja. Wakachagua Kimondo. Walikaa pale saa nzima na zaidi, wakiligusa lile pande la chuma la tani kama 12 lililotoka angani, wakibishana lingeangukia nyumba ya nani. Hakuna aliyewaharakisha. Ngosi na Daraja la Mungu vipo, havihami.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukipata wageni mwisho wa juma, panga mahali pamoja kwa siku, pawili pakizidi. Dereva akipiga mwayo, ratiba imekwisha, hata kama gesti haina maji ya moto. Na sisi tunaolea watoto mbali na kwetu, tusiwaachie walimu na waongoza wageni kazi yote. Mtoto akijua ya Mkwawa ni baraka, amekulia kwenye ardhi ya watu na anaiheshimu. Lakini akiuliza ya kwao, weka saa mfukoni, ukae, umjibu.

Jumatatu alfajiri tuliwasindikiza stendi. Mwanangu alimuuliza mwenzake atawasimulia nini wa Mombasa.

"Makambako," akajibu.