Kabla Hajachagua Meli, Kaeni Mzungumze



Leo nazungumza na mabibi harusi ambao wachumba wao ni maafisa vijana wa jeshi la majini la Marekani, pamoja na wadogo zetu wa kike waliokulia kule wanaoitaka kazi hiyo wenyewe. Msinicheke. Familia zetu zimetapakaa dunia nzima, watoto wamezaliwa na uraia wa huko, na uafisa wa jeshi lile unataka uraia. Mwaka huu nimeshona nguo ya harusi ambayo tarehe yake ilihama mara mbili kwa ajili ya meli. Mara ya pili mama wa bibi harusi akaniambia, "Mwanangu, hiyo kazi ya mwanamme, sisi hatuiingilii."

Hapo ndipo nisipokubaliana naye. Kijana akichagua meli yake ya kwanza, anachagua pia mji atakaoishi mkewe, na miezi ambayo mke huyo atalala peke yake. Kwa hiyo mazungumzo hayo yawe kabla ya akdi, na kabla ya meli.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Maafisa hawa si wa ndege wala wa nyambizi, ni wa manowari zinazokwenda juu ya maji. Wengine husoma chuo cha jeshi la majini kilichopo Annapolis, wengine hupitia vyuo vikuu vya kawaida, wengine shule ya maafisa iliyopo Newport. Wa Annapolis wana usiku wao maalumu wa kuchagua meli. Wanaitwa kwa kufuata walivyofaulu, na kila mmoja anachagua meli pamoja na bandari yake. Wa mbele ana uwanja mpana, wa nyuma anachukua kilichobaki. Mtoto wa miaka 22 anaamua jambo hilo mbele ya wenzake, kwa dakika chache.

Bandari kubwa ni Norfolk upande wa mashariki na San Diego upande wa magharibi. Ziko pia Mayport kule Florida, Everett, na Pearl Harbor visiwani Hawaii. Nje ya Marekani ziko Yokosuka na Sasebo za Japani na Rota ya Hispania. Bahrain nako kuna makao makuu ya Kikosi cha Tano cha jeshi hilo. Angalia tofauti hizo kwa macho ya bibi harusi. Bahrain utasikia adhana ukiwa jikoni. Norfolk na San Diego utapata misikiti na Waislamu wenzako. Sasebo itabidi ujue mapema nyama ya halali utaipata wapi na Eid utaisali na nani.

Baada ya hapo njia inajulikana. Afisa anapewa kundi dogo la mabaharia aliongoze, anajifunza kuiendesha meli, na akifaulu anapata beji yake. Wengi huhamia meli ya pili, wengine hubaki ile ile kwa muda mrefu zaidi. Halafu inakuja kazi ya nchi kavu, miaka miwili au mitatu, kufundisha, kusoma shahada au kukaa ofisini. Ndipo linapokuja swali kubwa la pili: atoke jeshini, au arudi Newport kusomea ukuu wa idara melini? Waliosoma Annapolis wanadaiwa angalau miaka 5 ya utumishi. Jeshi linawapa malipo ya nyongeza wanaokubali kuendelea, kwa sababu wengi wanaondoka.

Sasa hesabu na wewe. Aliyeanza na miaka 22 anafika kazi ya nchi kavu akiwa na miaka 26 au 27. Akiendelea, anarudi baharini akikaribia 30. Hiyo ndiyo miaka ya ndoa na watoto. Kalenda hiyo haina siri, na bibi harusi ana haki ya kuisoma kama anavyosoma orodha ya vyombo vyake.

Miezi ya safari nayo iangaliwe. Safari za manowari hizi mara nyingi zinapangwa miezi sita au saba, lakini mpango unaweza kubadilika. Meli ya ndege za kivita ya USS Dwight D. Eisenhower iliondoka Norfolk Oktoba 2023, ikafanya kazi Bahari ya Shamu, ikaongezewa muda mara mbili na kurudi Julai 2024. Hiyo ni miezi tisa. Mke aliyeachwa na mimba changa alijifungua mume yuko baharini.

Bibi zetu wa visiwani waliolewa na mabaharia wa majahazi, na nao walingoja. Lakini walijua kaskazi ikimpeleka basi kusi itamrudisha. Siku hizi wa kumngoja ni mkubwa wa jeshi aliye mbali, na barua yake ya kuongeza muda haina msimu.

Dini yetu haikulipuuza jambo hili. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alimsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, mumewe yuko vitani. Akamuuliza bintiye Hafsa, mke anaweza kumstahimilia mume aliye mbali muda gani? Katika mapokezi mengine jibu ni miezi minne, katika mengine miezi sita, na Umar akawawekea askari kikomo cha kukaa mbali na wake zao. Tazama, khalifa mwenye mambo yote ya dola alikaa akauliza mwanamke. Sisi nani tuseme hayatuhusu? Masuala ya kuweka masharti katika ndoa mpelekeeni sheikh wenu kabla ya akdi. Kitambaa kikishapita mkasi hakirudi kuwa jora.

Sasa nije kwa mdogo wangu anayetaka kuvaa sare mwenyewe. Sitakukataza. Lakini jua hili: ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2021 kuhusu maafisa hawa hawa. Baada ya miaka 10, waliobaki katika kazi ya manowari walikuwa asilimia 39 ya wanaume na asilimia 12 tu ya wanawake. Wapo watakaosema, "Si unaona, wanawake hawaiwezi." Mimi naona kingine. Michelle Howard alitokea kazi hii hii, akawa mwanamke wa kwanza katika jeshi hilo kufikia nyota nne, mwaka 2014. Lisa Franchetti, naye wa manowari na ni mama, aliliongoza jeshi zima la majini kuanzia 2023. Kuiweza wanaiweza. Kinachowabana wengi ni zile bahari mbili, ya kwanza na ya pili, kubana miaka ile ile ya kuzaa.

Basi ujue haki zako kabla hujachagua. Afisa aliyejifungua hapelekwi safari za meli kwa miezi 12. Kuna wiki 12 za likizo ya mzazi, na baba naye anazo. Kuna mpango wa kutoka kazini kwa muda, hadi miaka mitatu, kisha kurudi bila kuanza upya. Hijabu unaiombea ruhusa ya kidini kwa maandishi, kwa hiyo iombe mapema, usingoje kufika melini. Ukipanga nikah na mtoto wa kwanza ukiwa nchi kavu, hujavunja sheria ya mtu. Umetumia akili.

Najua jibu la upande wa pili. Maafisa wakubwa huwashauri vijana wachague meli yenye safari nyingi, kwa sababu huko ndiko wanakojifunza na kupata beji haraka. Ni ushauri wa kweli kwa kijana asiye na mke. Mwaka 2017 meli mbili, Fitzgerald na John S. McCain, ziligongana na meli za mizigo, wakafa mabaharia 17, na baada ya hapo jeshi likasisitiza sana mafunzo ya kuendesha meli. Sisemi mtu akimbie bahari. Asiyejua kazi atawaua wenzake. Nasema mwenye mchumba achague bandari kwanza, halafu ndani ya bandari hiyo atafute meli itakayomfunza. Norfolk na San Diego meli ni nyingi, kwa hiyo hata meli ya pili anaweza kuipata hapo hapo, na mke hahami nyumba kila baada ya miaka miwili.

Bibi harusi, mkikaa na mchumba wako mbele ya mahram, muulize haya. Atachagua lini, na bandari gani tatu anazitaka? Meli anayoitaka imepangiwa kusafiri lini? Akiwa baharini, wewe utakaa na nani, na nafaka ya nyumba itapitia mkono gani? Baada ya miaka mitano anataka kubaki au kutoka? Akikujibu "tutaona", mwambie kwa upole kwamba wewe unataka kuona sasa.

Mwanamme anayekasirishwa na maswali hayo kabla ya ndoa atakuwa mgumu zaidi akiwa maili elfu tano mbali. Anayekaa akayajibu, hata jibu likiwa chungu, huyo mshonee nguo umngoje. Allah azijaalie ndoa zetu utulivu na awarudishe salama wote walioko baharini. Amin.