Uwanja wa Ndege na Miti ya Upande wa Pwani

Nataka kutia neno katika jambo linalozungumzwa kila baraza, nalo ni kupanuliwa kwa uwanja wetu wa ndege hapa Pemba. Njia ya kurukia tuliyoizoea ina urefu wa kama kilomita 1 na nusu, na ndege kubwa haziwezi kuitumia. Mimi si katika wanaoupinga uwanja. Aliyepata kumvusha mgonjwa kwenda Unguja kwa chombo wakati wa kusi hawezi kusema kuwa ndege ni anasa. Ninalolitaka ni kwamba miti iliyo baina ya uwanja na pwani ya mashariki, pamoja na viumbe waliomo, izungumzwe kabla vigingi havijapigwa, wala si baada yake.

Mkarafuu hauna ubavu wa kushindana na upepo mkali, na hili hapana mwanachama anayehitaji kufundishwa. Mwaka 1872 dhoruba iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, nasi huku tukanusurika. Na tangu hapo ndipo Pemba ilipoitangulia Unguja kwa karafuu. Sasa tazameni hesabu ya fidia inavyokwenda. Mthamini huja na daftari lake, akahesabu mti utakaokatwa. Lakini mkarafuu uliobaki nyuma, ambao jana ulikingwa na miembe na misufi na leo umesimama peke yake mbele ya upepo, huo haumo katika daftari. Mwenyewe atangoja misimu miwili mitatu, auone ukikauka vilele, na hatakuwa na mtu wa kumdai. Akipanda mwengine badala yake, atasubiri miaka 6 mpaka 8 kabla ya kutandika jamvi la kuanikia.

Nakuja kwa viumbe, na najua wako watakaocheka nikimtaja popo. Kweli, anatula maembe yetu. Lakini popo huyu mkubwa wa Pemba hapatikani pahala pengine popote duniani ila kisiwa hiki. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa na kukatiwa miti mpaka wakasemekana kubaki mia chache tu. Waliomwokoa ni wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, waliokataza kuwindwa kwake na kuilinda miti anayolala. Na baada ya miaka isiyofika 20 idadi yake ikapita 20,000. Hakuna aliyeachishwa kulima kwa ajili hiyo. Huyo popo ndiye anayebeba mbegu za miti ya msitu na chavua ya misufi, bila ya kutudai ujira. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akipanda mti, ndege akala tunda lake, basi ni sadaka kwake aliyepanda. Sidhani kama popo ametolewa katika hukumu hiyo.

Tena popo huruka jua likichwa kwenda kutafuta chakula. Mwenye kupanga njia ya ndege afaa ajue wanalala wapi na wanapita wapi, kwani kugongana na kiumbe hewani hakumfai popo wala abiria.

Nimesoma khabari za Aldabra, kisiwa cha bahari yetu hii hii, katika Shelisheli. Katika miaka ya 1960 Serikali ya Uingereza ilitaka kujenga huko uwanja wa ndege za kijeshi. Kisiwa kile kina makobe wakubwa ambao leo hukisiwa kufika kama 100,000, na kina ndege wa bahari kwa makundi makubwa. Wataalamu wa Uingereza na Marekani wakapiga kelele, magazeti yakaandika, Bungeni kukaulizwa maswali. Mwezi wa Novemba 1967 Waingereza wakaishiwa, thamani ya pauni ikashushwa, na mpango ukaachwa. Wengine husema ni fedha tu iliyowaokoa makobe. Huenda, lakini kama isingekuwa zile kelele zilizochelewesha mambo, pengine fedha ingekwisha makobe nao wamekwisha. Mwaka 1982 Aldabra iliandikwa katika urithi wa dunia.

Sehemu ya pili ya khabari hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Uwanja wa kijeshi ulijengwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, na baina ya 1968 na 1973 wenyeji wote wa visiwa vile wakaondoshwa, wakatupwa Morisi na Shelisheli. Kobe alikuwa na wanavyuoni wa kumwandikia. Mkulima wa minazi wa Chagos hakuwa na mtu.

Sisi hatuko katika hali yao, wala uwanja wetu si wa jeshi. Tunayo Serikali yetu, na tunayo jumuiya hii. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tuombe, kwa adabu na kwa maandishi, mambo haya: ramani ionyeshwe kwa wenye mashamba kabla ya kazi, ukanda wa miti upande wa pwani uachwe kila inapowezekana, na mikoko isifukiwe kwa kifusi, na mikarafuu itakayopoteza kinga yake ihesabiwe pia. Wajenzi wakituambia kwamba mstari hauwezi kusogezwa hata hatua 50, watueleze sababu yake nasi tutasikiliza.

Wanachama wenye mashamba upande wa uwanja mpaka Vitongoji wanaombwa walete afisini hesabu ya mikarafuu yao na ya miti mikubwa inayoikinga, kila mmoja kwa jina lake, kabla ya mkutano ujao. Asiyeweza kuandika aje asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa, nitamwandikia mimi.

Katibu